Vifaranga wamefika kwa basi jana usiku wanakufa, naombeni msaada wa haraka

MamaDee_Njombe
Wakuu habari za asubuhi, naombeni mnisaidie maana hapa sijalala kabisa. Niliagiza vifaranga mia wa kuroila (ile aina ya kuku chotara) kutoka Dar, wakapakiwa kwenye basi jana alfajiri wakafika stendi hapa Njombe saa tatu usiku. Kwenye boksi walikuwa 102, wale wawili ni nyongeza, nilipofungua nikakuta tisa wameshakufa na wote ni wa chumba kimoja cha boksi, nadhani upande ule ulibanwa na mizigo matundu yakaziba. Waliobaki nikawaweka kwenye kachumba nimetandika magazeti, nimewasha taa mbili, nikaweka maji na stata, kile chakula cha kuanzia cha vifaranga. Usiku wamekufa tena sita. Hawali, wamelundikana kwenye kona wanalia ile sauti ya juu bila kunyamaza na wengine wamefumba macho mbawa zimeshuka. Sasa hivi nimebaki na 87. Hela yenyewe nimekopa kikoba wakuu. Niwape dawa gani?

jogoo_wa_mbozi
Pole sana dada. Kimbia duka la mifugo wape OTC, ile antibayotiki, kwenye maji, mi wangu wakifika tu nawapa hiyo siku tano.

babu_wa_bruda
Binti yangu dawa iache kwanza. Taa ulizowasha ni za aina gani? Halafu chukua kifaranga mmoja sasa hivi mguse miguu kwa shavu lako, usitumie kiganja maana kiganja kinadanganya, uniambie.

MamaDee_Njombe
Shikamoo babu. Taa ni hizi nyeupe za kula umeme kidogo. Nimemgusisha shavuni, miguu ya baridi kama katoka mtoni.

babu_wa_bruda
Marahaba. Basi ugonjwa wao ni baridi, na Njombe mwezi wa saba wote tunaijua. Hizo taa zinatoa mwanga, joto la kulea kifaranga hazina. Kifaranga wa siku moja hajawa na manyoya ya kujikinga, anataka joto la nyuzi 33 mpaka 35 pale chini anapokanyaga, sio juu ukutani. Akipigwa baridi hali wala hanywi hata ukimwekea pilau, atasimama tu analia mpaka aishiwe nguvu, halafu wanalaliana wakitafuta joto na wa chini anakosa hewa, hao sita wako nadhani ndo walivyoondoka.

Fanya hivi sasa hivi. Tafuta taa za zamani zile zinazoungua, za wati mia, au jiko la mkaa. Watoe kwenye kona, zungusha maboksi au hadibodi iwe duara, kipenyo cha mita moja na nusu hivi inawatosha kwa sasa, duara halina kona ya kulundikana. Chini weka maranda makavu unene wa vidole vitatu, magazeti yanateleza miguu inafunguka pande mbili na kifaranga wa hivyo kupona ni shida. Joto liwe upande mmoja ili anayesikia joto sana apate pa kukimbilia.

Wakishapata joto ndo maji. Yawe ya uvuguvugu, lita moja kijiko kimoja cha chakula cha glukosi, hata sukari ya kawaida inafaa. Shika mmoja mmoja, chovya ncha ya mdomo tu, ukimwona anainua kichwa anameza mwachie ashike njia. Ni kazi ila wote 87 wapitie. Chakula baada ya saa moja au mbili, mwaga kidogo kwenye trei.

molo_kienyeji
Pole mama Dee, huku Molo, Kenya, pia baridi si mchezo. Kwa jiko la makaa tafadhali liwashie nje mpaka makaa yote yashike na moshi uishe, ndio uingize, na uache nafasi ya hewa juu. Mimi nilifunga chumba kabisa nikidhani nazuia baridi, asubuhi nikapata karibu nusu wamelala chini kama wamesinzia. Hiyo hewa ya sumu ya makaa haina harufu, hata wewe usilale humo.

jogoo_wa_mbozi
Sawa babu nimekuelewa, ila je kama ni ugonjwa wa kitovu?

babu_wa_bruda
Swali zuri. Geuza waliokufa uangalie tumbo. Kitovu kikiwa kimefunga pakavu sio hilo, ila kama kiko wazi, cheusi, tumbo limevimba linanuka, hilo limetoka huko huko walikototolewa, piga picha umtumie aliyekuuzia na umwite daktari wa mifugo. Njaa ya safari peke yake isingewaua, kifaranga anatoka kwenye yai na kiini tumboni kinachoweza kumbeba hata siku tatu.

MamaDee_Njombe
Babu vitovu vikavu. Nimepata taa mbili za zamani kwa jirani na jiko nimewasha nje kama dada wa Molo alivyosema. Nimechovya wote midomo mgongo hauinuki. Kelele imepungua sasa wanalia kwa chini chini.

tausi_makambako
Mamaa usisahau nyuma, safari ndefu kinyesi kinagandia kwenye njia ya haja kinaziba. Lainisha na pamba ya maji ya moto kiasi, usivute kikiwa kikavu utamchana.

MamaDee_Njombe
Marejesho siku ya nne. Kumi na mmoja walikuwa wameziba, nimewasafisha. Usiku ule walikufa watano, kesho yake mmoja, tangu hapo hakuna. Nina 81. Juzi usiku nilimpapasa mmoja pale chini ya koo kale kafuko kamejaa laini kama kapulizo, nikalia peke yangu humo ndani. Wanalala wametawanyika. Babu chanjo ya kwanza lini?

babu_wa_bruda
Kideri siku ya saba, gumboro ya kumi na nne, kideri tena ya ishirini na moja. Nunua chanjo siku ile ile, beba na barafu. Na joto shusha kama nyuzi tatu kila wiki, ila huko kwenu waangalie wao kwanza, wakianza kusogeleana rudisha jiko.

MamaDee_Njombe
Asante babu. Jiko liko mlangoni nalichochea sasa hivi, umeme umekatika.