Wanaorusha chemshabongo kila asubuhi, mnatupotosha!

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na viunga vyake, leo siji kwa upole. Chemshabongo ya siku inarushwa kwenye vikundi alfajiri, watu wanakuna vichwa mchana kutwa, jioni jibu linatoka, na jibu lenyewe bovu. Aliyepatia ndiye anayezomewa! Chanzo kinajulikana: mtu anaokota swali mahali, analitafsiri mbiombio, sharti moja linadondoka njiani, kisha anabandika jibu la swali lile la kwanza.

Chukua hili. Chai na mandazi kwa pamoja ni shilingi 110, chai imezidi mandazi kwa shilingi 100, mandazi ni pesa ngapi? Jibu ni 5, maana chai ni 105. Wengi hukimbilia 10, na huo ndio mtego. Sasa mtunzi wetu anaandika "chai ni shilingi 100", lile neno "imezidi" limeliwa, na bado anang'ang'ania 5. Ukiandika hivyo mandazi ni 10, basi. Mtego umeutoa wewe mwenyewe.

Sufuria tatu ndiyo inayoniudhi kabisa. Samaki yuko chini ya moja, umechagua yako, mwenye mchezo anafunua nyingine na ni tupu, halafu anakuuliza kama utabadilisha. "Badilisha, nafasi yako ni 2 kwa 3." Sawa, LAKINI ni pale tu mwenye mchezo anapojua samaki alipo, na ni lazima afunue iliyo tupu kila mara. Hapo chaguo lako la kwanza linabaki na 1 kwa 3, na ile 2 kwa 3 yote inaangukia sufuria iliyobaki. Kama anafunua kwa kubahatisha na ikatokea tu kuwa tupu, nafasi ni nusu kwa nusu, na kubadilisha hakukuongezei chochote. Swali lililorushwa halikusema anajua au hajui. Kwa hiyo waliojibu "nusu" mliwacheka kwa lipi?

Halafu "2, 4, 8, namba gani inafuata?" Eti 16 pekee. Kuna kanuni nyingine inayokubali: zidisha nafasi ya namba kwa yenyewe, toa nafasi hiyo, ongeza 2. Nafasi ya kwanza 2, ya pili 4, ya tatu 8, ya nne 14. Namba tatu hazitoshi kufunga kanuni. Toeni tano au sita, tena mseme kila namba inazaliwa vipi kutokana na iliyotangulia.

Tuje kwenye "ukweli wa kushangaza". Watu wa Nakuru, hii ya Menengai kuwa kreta (shimo la volkeno) ya pili kwa ukubwa duniani itaisha lini? Menengai ni kama kilomita 12 kwa 8. Ngorongoro, hapo tu kwa jirani, ina kipenyo cha kati ya kilomita 16 na 19. Toba kule Sumatra ina urefu wa karibu kilomita 100. Ukitaja "ya pili" bila kumtaja wa kwanza na kipimo, umebuni tu.

Na Maseno, pale ikweta inapopita! Beseni lenye tundu, kijiti juu ya maji, hatua chache kaskazini kinazunguka huku, hatua chache kusini kinazunguka kule. Mnasema ni nguvu ya Coriolis, yaani dunia inavyozunguka na kupindisha mwendo wa maji, lakini karibu na ikweta nguvu hiyo ni kama haipo. Maji yanafuata mkono uliomimina na umbo la beseni. Anayeonyesha akimimina upande mmoja au akigeuka na beseni mkononi, mzunguko ameshautia yeye. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitaka kuiona nguvu hiyo ndani ya tangi. Ilibidi liwe na upana wa karibu mita 1.8, maji yatulie saa 24, na hapo alikuwa nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Nyinyi mnatumia beseni la kunawia na dakika mbili.

Gugumaji nalo: "linaongezeka maradufu kila siku, likijaza ghuba siku ya 48, lilifika nusu siku gani?" Ya 47, fumbo ni zuri. Ila msiligeuze kuwa elimu ya ziwa. Hata likistawi vizuri huchukua wiki moja hadi mbili kuongezeka maradufu. "Ziwa kubwa zaidi Afrika" pia semeni kwa kipimo gani: kwa eneo ni Victoria, kwa wingi wa maji ni Tanganyika.

Kabla ya kurusha, lifiche jibu, ulitatue swali kwa maneno hayo hayo uliyoyaandika. Mpe na mtu mbishi. Akipata jibu tofauti na sababu yake inasimama, swali lina tundu.

NYONGEZA: Nimeona wanaosema "ni mchezo tu, mbona hasira". Mchezo ambao mtu anatoa shilingi 20 kuingia na mshindi anapewa kredo ya simu? Rudini kwenye 2, 4, 8 kwanza. Nasubiri mmoja wenu anionyeshe 14 ina kosa gani.