Mkasi gani na msumeno gani kwa kupogoa miti ya matunda?

Chipukizi
Habari zenu wakuu. Nina mitofaa na mipea michanga kama thelathini, pamoja na michungwa minne mikubwa niliyoirithi ikiwa imejaa matawi makavu hadi ndani. Mkasi niliokuwa nao umeharibika. Sasa nataka mkasi mmoja na msumeno mmoja, vitu vya kukaa navyo miaka. Kwa mikasi naona kuna ya kupishana, ya fuawe (kisu kinashukia juu ya bapa) na ya racheti. Misumeno ndiyo usiseme: iliyonyooka, iliyopinda, ya kukunja, ya kuchomeka kwenye ala. Viganja vyangu ni vidogo. Naombeni ushauri.

Mama Bustani
Kwa mti mbichi ni wa kupishana. Kisu kinapita kando ya taya la chini, tawi linakatika na kuacha uso laini. Wa fuawe unalikandamiza tawi juu ya bapa, kwa hiyo gome la upande wa chini linapondeka, na kidonda kilichopondeka huchelewa kufunga.

Ila hata huo wa kupishana wengi wanaushika kinyume. Kisu kikae upande wa mti unaobaki, lile taya nene lililojikunja likae upande wa kipande kinachoanguka. Ukigeuza, unene wa taya unakuachia kisiki, na linaloumia ni gome la mti wenyewe.

Tawi Kavu
Mama, shikamoo, lakini wa fuawe mnauonea. Chipukizi kasema michungwa yake imejaa matawi makavu. Tawi kavu la mchungwa ni gumu kama mfupa, na mkasi wa kupishana ukilazimishwa pale kisu na taya vinaanza kuachana. Kisu cha fuawe hakina pa kukimbilia, kinatua katikati ya bapa basi. Na tawi lenyewe limeshakufa, uliponde usiliponde.

Kuhusu racheti, mama yangu ana baridi yabisi ya vidole na ndio anaoutumia. Unabana, unaachia, unabana tena, mara tatu nne ndipo tawi linakatika. Hauhitaji nguvu. Ila kwa miti thelathini utachoka kusubiri.

Mama Bustani
Marahaba. Kwenye makavu sikupingi. Lakini mwenzetu kaomba mkasi mmoja, na ile thelathini yote ni mibichi.

Mzee wa Msumeno
Mdogo wangu Chipukizi, hujatuambia mkasi wako uliharibikaje, ila nahisi najua. Ulikutana na tawi lililozidi kidole gumba. Kisu kikaingia hadi nusu kikanasa. Ukakamata mipini kwa mikono miwili ukaanza kuuzungusha huku na huku, kama mtu anayeng'oa msumari. Tawi likakatika, ukafurahi. Hebu uinue sasa hivi uelekee kwenye mwanga, ufunge, utazame kati ya kisu na taya. Kama mwanga unapita, ndiyo sababu kila ukikata kijiti laini kinajikunja katikati na kubaki kinaning'inia kwa uzi wa gome.

Ndiyo maana mimi ningeanza na msumeno. Mikasi mikubwa huandikwa kuwa inakata hadi milimita 25. Sawa, kwa tawi laini na kiganja cha nguvu. Kwa kiganja kidogo ishia 20, na kwa kavu ishia hata chini ya hapo. Ukiwa na msumeno mzuri kiunoni hutatamani kuulazimisha mkasi, maana msumeno unamaliza tawi la sentimita 3 kabla hujamaliza kutafuta pembe ya kubania.

Tafuta ule unaokata kwa kuvuta, kama ya Kijapani. Chapa za Silky na ARS ndizo nimezishika zaidi. Kwa kuwa hausukumwi, uti wake (lile bamba lenye meno) unaweza kuwa mwembamba bila kupinda, na uti mwembamba unakula mbao kidogo. Anayetoka kwenye msumeno wa seremala wa kusukuma lazima auzoeshe mkono wake: vuta kwa nguvu, rudisha kwa ulegevu. Ukisukuma kwa hasira utaupinda.

Uliopinda unajilalia wenyewe kwenye tawi, hasa lililo juu ya kichwa, uzito wa mkono wako unafanya kazi. Ulionyooka ni mzuri chini ya usawa wa bega na penye matawi yaliyosongamana, ambapo ncha iliyopinda ingechoma tawi la jirani. Meno yawe makubwa kwa mti mbichi, kwa sababu unga wake una unyevu na unaziba meno madogo. Wa kukunja wenye uti wa sentimita 20 hivi, au zaidi kidogo, unakutosha kwa yote, labda mashina ya ile michungwa tu ndiyo yatakutoa jasho.

Kabla hujalipa, uliza kama uti wa akiba unapatikana. Ncha za meno ya misumeno mingi ya siku hizi zimefanywa ngumu kwa joto hadi tupa inateleza juu yake. Hainolewi. Unabadilisha uti.

Kashoto
Kama kuna wa mkono wa kushoto humu: mkasi wa kawaida unakuficha mstari wa kukata, kisu kiko upande usiouona. Watengeneza mikasi Felco wana namba 9 na namba 10 za kushoto. Nilikata kwa mkasi wa kulia miaka mingi nikidhani mimi ndiye sijui kupogoa.

Fundi Tupa
Nipo upande wa vipuri. Felco ni ya Uswisi, kampuni ilianza 1945, na sifa yake kubwa kwangu ni kwamba kila kitu kinafunguka: kisu, springi, bolti, hata mpini. Namba 2 ndiyo maarufu, lakini kwa kiganja kidogo angalia namba 6. ARS kisu chake kimepakwa kromu ngumu, utomvu haung'ang'anii. Mkasi wa Okatsune makali yake ni matamu kuliko yote niliyonoa, chuma cha kufuliwa, ila ukiulaza na utomvu usiku kucha asubuhi unakusalimia na kutu.

Kunoa: upande wenye mteremko tu, ukifuata pembe ile ile ya kiwandani. Upande bapa usiuteremshe kamwe. Pitisha jiwe likiwa limelala kabisa, mara moja mbili, kuondoa ukingo uliojikunja. Ukinoa pande zote mbili unatengeneza ule mwanya aliousema Mzee. Kupima, chukua kipande cha gazeti ukate kwa ncha. Kikijikunja badala ya kukatika, kaza bolti kwanza kabla ya kulaumu makali.

Mama Bustani
Kwa kuwa ana mitofaa na mipea: ukiona vichipukizi vimekauka ghafla, vimekuwa vyeusi na vimejikunja kama ndoano, shuku ule ugonjwa wa bakteria wa Erwinia amylovora. Kata sentimita 20 hadi 30 chini ya mwisho wa weusi, na futa kisu kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mkato. Maji ya klorini nayo yanaua, lakini yanakula chuma.

Chipukizi
Asanteni mno. Mzee, umenishika. Mwanga unapita, na ndiyo, niliuzungusha. Swali jingine: vidonda vikubwa nipake rangi?

Mzee wa Msumeno
Usipake. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kutazama ndani, akaonyesha kuwa mti hujijengea kuta za kuzuia uozo. Rangi haizuii. Muhimu ni usiikate ile kola iliyovimba tawi linapoungana na shina, wala usiache kisiki kirefu.

Tawi zito likate mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke. Mwisho malizia kile kisiki nje ya kola.

Chipukizi
Wakuu, nimerudi. Nimechukua mkasi wa kupishana wa kiganja kidogo na msumeno wa kukunja uliopinda, meno makubwa. Makavu yote nayakata kwa msumeno, hata membamba, kwa hiyo wa fuawe sijauhitaji bado, Tawi Kavu unisamehe. Mchungwa wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili nikajisahau, sikuanza na mkato wa chini. Tawi lilivunjika likashuka na gome la shina, utepe wa karibu shibiri nzima. Nifanye nini, nilirudishie hilo gome na kulifunga?

Mzee wa Msumeno
Lililokwisha kuachana na kukauka halishiki tena. Chukua kisu kikali, si mkasi, ukate kingo zilizolegea hadi pale gome linaposhika mbao. Usipanue zaidi ya hapo. Halafu uache.

Tawi Kavu
Nimekusamehe. Ila ukifika mchungwa wa nne uje tena tuongee.