UZI: Eti "sogea, kivuli chako kinaniharibia waini"! Mie!!!

Mhudumu_Kaskazini

Jamani nimeingia chumbani sasa hivi, hata shati la kazi sijavua, naandika vidole vinatetemeka.

Yule mtu wenu leo kaja kwetu. Msiniulize nani, mnamjua wote. Wa kofia ya ukindu, glasi mkononi, mgongo kaupa bahari, na Kiingereza kirefu chini ya picha. Hata usipomfuata huko Instagram, yeye anakufuata.

Kafika alasiri hapa Kendwa, kaskazini ya Unguja, kakamata meza ya mbele kabisa, ile tunayowawekea wageni waliokwisha buku. Kaagiza glasi moja ya rozé, ile waini ya rangi ya waridi, ya Afrika Kusini. Moja! Tena kwanza kauliza kama nusu glasi ina bei yake. Nikampelekea baridi yake ile inayotakiwa, maana rozé hunywewa nyuzi 8 mpaka 12, ikizidi hapo unakunywa kitu chengine. Kazi hii mie nimeisomea, sikuokotwa pwani na kamba za ngalawa.

Basi glasi ile mdomo haikuuona. Kaiweka mezani, kaipiga picha. Kaiweka mchangani, kaipiga. Kaenda kuitua juu ya ngalawa ya watu, na mwenyewe kalala mle ndani, kaipiga. Halafu kanijia, anaomba ile chupa tupu ya Moët, shampeni ya Ufaransa, iliyoko rafuni, ile tunayochomekea mishumaa umeme ukikatika. Kaibandua nta kwa kitambaa cha meza YANGU, kaisimamisha ubavuni mwa glasi. Hapo tena! Rozé ya kumimina glasi glasi imeshapata uraia wa Ufaransa. Na povu haina! Shampeni huchachushwa mara ya pili mle mle chupani, ndiyo ikawa na povu lile. Hii ya kwake imetulia tuli kama maji ya mtungi.

Jua likaanza kushuka. Kanipigia mluzi. Anataka ndoo ya barafu. Ya chupa tupu! Nikaibeba, zito hilo, nikavuka mchanga, nikafika, nikainama niiweke. Ndipo aliponipa lile neno. Mbele ya meza ya Wataliano. Mbele ya meneja. Mbele ya yule dogo wa mafunzo, ambaye asubuhi nimemkalisha kitako nikamwambia kazi hii ina heshima zake:

"Kaka, sogea. Kivuli chako kinaniharibia waini."

Kivuli changu. Kinaharibu. Waini.

Waini ambayo hainywi! Mie huyu wa kilo hamsini na kitu, nikisimama ubavu sina kivuli cha kufunika kokwa ya embe. Na jua lenyewe si lake, hakulibuku.

Na nikasogea. Wallahi nikasogea, ndoo mkononi, nikasema "samahani". Wataliano wakacheka. Sijui walimcheka nani, lakini mie niliyesimama na ndoo nilijua wamenicheka mie.

Sasa hivi nafungua simu, picha ipo. "Shampeni na machweo." Kisha kaingia Vivino, ile programu ya kupiga picha lebo ikakwambia mvinyo gani na wanywaji wameupa nyota ngapi, kaimwagia nyota nne na nusu, eti ina "harufu ya embe bichi na upepo wa bahari". Nyota kaipa chupa ya mishumaa! Kaionja saa ngapi? Alipoondoka glasi imejaa, nzi wawili ndani. Wale ndio walioonja, wangeulizwa wale.

Halafu kwenye picha, pembeni kushoto, kuna kitu cheusi. Bega langu hilo. Hata kunikata hakujua kunikata.

Bakshishi? Kasema "nitawatag". Hakututag.

Kivuli changu jamani.

BintiKikwajuni

Pole sana kaka. Ila nakuomba usogee kushoto kidogo, kivuli chako kinaniharibia uzi.

MzeeWaGahawa

Hahahaa. Nimeifungua ile picha. Bega zuri lakini. Nyota tatu na nusu, harufu ya sabuni ya mche.

Paje_Kwetu

Ndiye yule yule? Alikuja kwetu anadai meza ya "machweo baharini". Tukamwambia taratibu, kwa adabu: Paje ni mashariki, bahari huku inatoa jua, hailimezi. Likizama linazama kule nyuma kwenye minazi na barabara. Kakasirika, kasema huduma yetu mbovu. Kesho yake kaamka alfajiri, kapiga jua linachomoza, kaandika machweo. Saa kumi na mbili asubuhi mtu ana glasi ya waini nyekundu mkononi, na watu chini wanaandika "natamani maisha yako". Maisha gani? Hata chai hajanywa.

Mhudumu_Kaskazini

@Paje_Kwetu ndiye huyo huyo! Lakini wewe hakukwambia kivuli. Mie kanambia KIVULI.

Ustadh_Mwera

Mnautaja ulevi hadharani wala hamuoni haya. Anayekunywa, anayemimina, anayebeba, wote wamo. Mwanangu, tafuta kazi nyengine, riziki haiko kwenye ndoo ile.

PwezaKaranga

Ustadh, kichwa cha uzi kimeandikwa waini kwa herufi zote. Umefungua kufanya nini?

Ustadh_Mwera

Nilidhani Waini ni mtu.

BintiKikwajuni

Nimekufa mie.

Chupa_na_Kizibo

Turekebishane kidogo. Kwanza, shampeni si ya Ufaransa nzima, ni ya Champagne peke yake, kwengine karibu kote wakitengeneza vile vile hawaruhusiwi kuiita hivyo. Pili, Afrika Kusini nao wana waini wanazochachusha mara ya pili ndani ya chupa, wanaziita Cap Classique, na rozé zake zipo. Kwa hiyo mleta uzi asikimbilie kusema rozé ya Afrika Kusini haina povu. Inategemea. Labda hujui ulichomimina.

Mhudumu_Kaskazini

HAIKUWA NA POVU. NIMEIMIMINA MIE. Kwa mkono huu huu uliobeba ndoo.

Chupa_na_Kizibo

Sawa, nimesema inategemea. Hata prosecco ina povu, na Waitaliano wengi wanaichachusha kwenye matangi, si chupani.

PwezaKaranga

Nani kakuuliza habari za prosecco?

Dodoma_Asilia

Na nyie mnanishangaza. Mnagombania chupa za kuja na meli, na zabibu tunazo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, huko Ulaya kwenyewe wanavuna mara moja. Waini yetu ya Dompo huioni Instagram kwa sababu wanaoinunua wanainywa.

BintiKikwajuni

@Dodoma_Asilia kaka yangu, siku niliyoweka chupa ya Dompo kwenye stori nilipigiwa simu nikaulizwa kama nimefukuzwa kazi. Wiki iliyofuata nikaweka Four Cousins ya Afrika Kusini, wakaniuliza nimeposwa na nani. Utamu ule ule, sukari ile ile, tofauti ni lebo. Tangu hapo nanunua Dompo, naipiga picha glasi peke yake.

Dodoma_Asilia

Ndio nyie mnaotuangusha.

Mtu_wa_Michenzani

Mnasahau jambo. Mwanzoni mwa 2024, pombe zilipoadimika visiwani kwa yale mambo ya vibali vya kuagiza, mahoteli yanalia, wageni wananung'unika, yule mtu alikosa picha hata siku moja? Hakukosa. Kila magharibi glasi nyekundu, glasi nyekundu. Nikajua hapo hapo kuwa ile ni juisi ya rozela. Mamake anaisaga mwenyewe, nakaa nao mtaa mmoja.

BintiKikwajuni

Rozela haisagwi, inachemshwa.

Mtu_wa_Michenzani

Inachemshwa basi. Rozela ni rozela.

Ustadh_Mwera

Kama ni rozela basi kijana hana kosa.

Mhudumu_Kaskazini

Ustadh hana kosa vipi?? Kanambia kivuli changu kinaharibu waini! Na kama ni rozela ndiyo kabisa, kivuli cha mtu mzima kimeharibu rozela!

MzeeWaGahawa

Mie nauliza kwa nini ndoo haikummwagikia. Ajali hutokea. Mchanga unateleza.

Mhudumu_Kaskazini

Mzee wangu, ndoo hukatwa mshahara.

Nahodha_Kendwa

Assalaam alaykum. Nimeletewa huu uzi na mwanangu. Ngalawa ile ni yangu mie, na aliyelala mle ni mie. Nimetoka usiku kuvua, nimepumzika kwenye chombo changu, naamshwa na watu wananambia uko mtandaoni umeachama mdomo na glasi ya ulevi juu ya kichwa. Mke wangu kaona. Mkwe wangu kaona. Imamu kaniangalia Magharibi nzima.

BintiKikwajuni

Yarabi. Nahodha pole. Nimeikuza ile picha, kweli kuna jino linaonekana.

Paje_Kwetu

Kumbe mwenye haki ya huu uzi ni Nahodha.

Nahodha_Kendwa

Na nikishaanza nimalize. Mleta uzi analalamika kaambiwa asogee mara moja. Sie wavuvi tunaambiwa tusogee kila siku, na wanaotwambia ni nyie wa mahoteli. Vitanda vyenu vya jua vimeteremka mpaka maji yanapofika, ngalawa hatuna pa kuivutia. Juzi nimeivuta, kaja kijana wenu na shati jeupe, kanambia mzee chombo chako kinaziba mandhari.

PwezaKaranga

Kijana wa shati jeupe. Mhudumu, lile shati ulilosema hujavua ni rangi gani?

Mhudumu_Kaskazini

Mashati meupe wanavaa hoteli zote. Na tusitoke kwenye mada.

Nahodha_Kendwa

Mada ni pwani.

Mkwe_wa_Wete

Unguja mna raha, nyie mnagombania nani katoka kwenye picha. Njooni Pemba muone. Umeanika karafuu zako kwenye jamvi, umeshinda juu ya mkarafuu mpaka mikono inawaka, anakuja mtu na simu, anaingia katikati ya jamvi na viatu, anachuchumaa, anazirusha juu apigwe video zikianguka. Karafuu ikikatika kichwa, daraja linashuka. Kule kituoni tunakouzia hakuna wa kumwambia kuwa zilikuwa kwenye video. Wengine wanatia chupa ya waini katikati ya karafuu, eti "ladha za visiwa". Mvinyo na Pemba wapi na wapi?

Paje_Kwetu

Kwetu wanafanya hivyo kwenye mwani. Kina mama wamejiinamia majini, mtu anakuja kusimama katikati ya vigingi na glasi, kamba zinakatika. Ukimwambia toka anakuomba umpigie na yeye moja.

Chupa_na_Kizibo

Kuhusu ladha, kwa kweli zipo waini nyekundu watu wanazitaja kuwa na harufu ya karafuu, hasa zilizokaa kwenye mapipa ya mwaloni. Kwa hiyo huyo mtu hakukosea sana.

Mkwe_wa_Wete

Atalipa daraja lililoshuka?

Mhudumu_Kaskazini

Jamani, na kivuli changu?

BintiKikwajuni

@Mkwe_wa_Wete nimekuona kumbe una karafuu. Kilo unauzaje? Nitumie ujumbe pembeni.

Mtu_wa_Michenzani

Pembeni wapi! Karafuu inanunuliwa na shirika la serikali peke yake, pembeni ni magendo. Mnataka kumfungisha mzee wa watu kwa sababu ya uzi wa waini.

BintiKikwajuni

Naulizia za kutia kwenye pilau. Kiganja.

Mkwe_wa_Wete

Kiganja njoo uchukue bure, ila uvue viatu.

Nahodha_Kendwa

Vitanda bado hamjavitoa.