Mjadala: Ikoni za tovuti zetu, tutumie maktaba iliyo tayari au tuwe na zetu?

Mtoa mada
Wakuu, mradi mpya ukianza tu, mtu anasakinisha maktaba ya ikoni (mkusanyiko wa alama ndogo zilizochorwa tayari), na baada ya muda mfupi jina la maktaba hiyo limeenea kila ukurasa. Msimamo wangu: maktaba tutumie, ila kurasa zisiitumie moja kwa moja. Tengeneza komponenti moja ya mradi (kipande cha msimbo kinachotumika tena na tena), iite Ikoni, ipokee jina, ukubwa na rangi. Hiyo peke yake ndiyo ijue ikoni zinatoka wapi. Angalieni Feather, maktaba ya ikoni ya Cole Bemis: ilipendwa mno, kisha maendeleo yake yakapoa, na mwaka 2020 maktaba nyingine, Lucide, ikachipuka kutoka humo. Mwenye komponenti moja alihama kwa kugusa faili moja. Aliyeita Feather kila mahali alikuwa na kazi ya kupitia mradi mzima. Wenye hoja tofauti karibuni.

Mchangiaji 1
Mkuu, mimi napinga maktaba yenyewe. Tovuti nyingi zinahitaji ikoni chache sana: menyu, kutafuta, kurudi, kikapu, simu. Kila moja ni faili ya SVG (mchoro ulioandikwa kama msimbo) isiyofika kilobaiti moja. Ziweke kwenye folda yako, basi. Machi 2016 kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa npm (ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript) na miradi mingi iliyokitegemea ikagoma kujengwa. Kwa nini mshale wa kurudi nyuma umtegemee mtu nisiyemjua?

Mtoa mada
Baada ya left-pad, npm walibana masharti ya kuondoa vifurushi, kwa hiyo hofu hiyo imepungua. Swali langu kwako: hiyo folda nani anaitunza? Lucide imechorwa yote kwenye gridi ya pikseli 24 kwa 24, unene wa mstari pikseli 2. Folda ya timu kila mtu anatupia alichookota, huyu mstari mnene, yule mwembamba, na mteja anaona vurugu hata kama hawezi kuieleza.

Mchangiaji 2
Mnamsahau mwenye bando la kupima. Bado kuna watu wanapakia fonti nzima ya Material Icons (ikoni za Google zilizofungwa kama fonti), zaidi ya kilobaiti 100, kwa ajili ya ikoni sita. Na mtandao ukisuasua, fonti ikachelewa, mtumiaji anasoma jina la ikoni "arrow_back" pale ulipotakiwa kuwa mshale. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, waliacha fonti yao ya ikoni wakahamia SVG mwaka 2016, na sisi wenye watumiaji wa intaneti ya kusuasua tuna sababu kubwa kuliko wao.

Ila mtoa mada, komponenti yako ina tatizo. Ukitafuta ikoni kwa jina linalopitishwa kama maandishi, zana ya kufungasha (inayokusanya msimbo utakaopelekwa kwa mtumiaji) haiwezi kujua zipi hazitumiki, inabeba maktaba nzima. Umepata usafi wa msimbo kwa gharama ya mtumiaji.

Mtoa mada
Hoja nzito, na inajibika: ndani ya Ikoni unaorodhesha zile unazotumia, moja moja, kwa majina yake. Orodha ikiongezeka, kila mtu anaiona wakati wa kukagua msimbo.

Mchangiaji 3
Basi kwenye komponenti hiyo hiyo lazimisheni maelezo. Kitufe chenye ikoni tupu, asiyeona anasomewa "kitufe" tu, hajui ni cha kufuta au kutuma pesa. Ikoni ikiwa ya pambo, ifichwe kwa kisomaji skrini, programu inayomsomea asiyeona. Ikiwa ndiyo kitufe chenyewe, ipewe jina, tena kwa Kiswahili kama tovuti ni ya Kiswahili. Leseni nazo msiziruke: ikoni za bure za Font Awesome ziko chini ya leseni ya CC BY 4.0, mwenye kazi lazima atajwe. Heroicons, maktaba nyingine, iko chini ya MIT, leseni yenye masharti machache.

Mchangiaji 1
Haya, orodha ndani ya komponenti naikubali. Lakini ikoni ya bajaji na ya daladala mtazitoa maktaba ipi?

Mtoa mada
Hizo tuchore wenyewe, gridi ile ile, unene ule ule, ziingie kwenye orodha hiyo hiyo. Anayeita Ikoni hana haja ya kujua ipi ni ya Lucide na ipi ni yetu.

Mchangiaji 1
Basi muda si mrefu folda yangu itakuwa ndani ya komponenti yako, na swali uliloniuliza, nani anaitunza, sasa linakurudia wewe.