Sala ya asubuhi imetugawa kazini, nifanyeje?

Ng'wana Buswelu (mleta mada): Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia zamu kwenye ghala la dagaa huku Ilemela, Mwanza, tuko watu 14. Kila siku saa 1:30 asubuhi, kabla hatujagusa gunia, tunasali pamoja robo saa: wimbo mmoja na maombi. Waislamu ni watatu, wao husubiri nje. Miaka miwili hakuna neno. Wiki iliyopita mmoja wao kamwandikia tajiri kwamba wanabaguliwa. Tajiri kanirushia mimi, eti malizaneni wenyewe. Niifute sala au tutafute ya pamoja? Usingizi sina. Nawasilisha.

Kamanga Feri: Zungusheni. Leo aombe Mkristo, kesho Mwislamu asome dua. Mikutano ya hadhara hufunguliwa na shehe na padri na hakuna anayeungua.

Sabato Mkavu: Mimi Msabato, nilikaa kiwanda cha minofu ya sangara miaka sita. Nilipatana na Mkatoliki mmoja, ananishikia Jumamosi, namshikia Jumapili. Hakuna kikao wala barua. Balaa ni pale alipooa akahamia Bukoba. Aliyeletwa badala yake, Msabato! Hapo ndipo nilijua kufunga na kuomba.

Dada wa Nyakato: Wimbo tu haumfanyi mtu aandike barua kwa tajiri. Mleta mada, kuna kitu umekikalia.

Ng'wana Buswelu: Dada, sijakalia kitu. Ni vile daftari la mahudhurio husainiwa baada ya Amina. Walioko nje wanasaini mwisho, inasomeka saa 1:45 na ushee.

Dada wa Nyakato: Na anayesaini saa hiyo inakuwaje?

Ng'wana Buswelu: Anakosa posho ya kuwahi, 1,000 kwa siku. Lakini sikuwatoa mimi, walitoka kwa miguu yao. Utaratibu ni utaratibu. Na huyo wa barua nimeshamwandikia onyo kwa kuniruka. Sijampa, iko kwenye droo.

Kamanga Feri: Duh. Nafuta ushauri wangu.

Mzee wa Vifungu: Chana hilo onyo leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Uhuru wa kuabudu uko ibara ya 19 ya Katiba. Ukimwonya kwa kulalamika, umemkabidhi ushahidi mkononi. Akitua Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tajiri wako hatasema malizaneni, atakutaja jina. Daftari liweke getini, kila mtu asaini akifika. Wa kusali asali kabla ya saa za kazi, kwa hiari yake.

Ng'wana Buswelu: Mzee, nikiliweka getini hata Wakristo nusu hawataingia kwenye sala. Nawajua.

Kamanga Feri: Kumbe Roho anashuka kwa buku!

Mama Furu: Acheni utani na mambo ya Mungu. Mwanangu, sala ya kuhesabiana senti haivuki hata paa la hilo ghala.

Ng'wana Buswelu: Mnaniona mbaya bure. Ramadhani nawaruhusu saa 12 kamili jioni wawahi kufuturu, na wengine wanabaki hadi saa 1.

Jiwe la Bismarck: Hii chai. Mwanza gani watu wanafuturu saa 12? Huku magharibi inaingia kwenye saa 1. Saa 12 jua bado liko juu ya ziwa linakuchoma macho. Hata Dar haijaingia. Jamaa katunga, na ghala hana. Uzi ufungwe.

Sabato Mkavu: Nilijua. Nimemwaga hadithi yangu bure.

Ng'wana Buswelu: Mkuu, sijatunga. Wenyewe waliniambia futari ni saa 12. Sikuuliza kwingine.

Dada wa Nyakato: Miaka yote miwili?

Ng'wana Buswelu: Miaka miwili.

Mswahili wa Kirumba: Hahaha! Mimi Mwislamu, hapa nimekaa chini kabisa. Karibu saa nzima kila jioni, mwezi mzima! Posho yao walishajilipa.

Ng'wana Buswelu: Mzee wa Vifungu, uko hewani? Hilo la futari naliongeza kwenye onyo lile lile au naandika jingine?