Mjadala: Madarasa na zahanati zijengwe kwa zabuni au kwa force akaunti?

Wadau, habari zenu. Mimi ni mkandarasi wa majengo daraja la saba, la chini kabisa kule CRB (bodi ya usajili wa makandarasi), kwa hiyo mjue mapema kwamba nina maslahi.

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 kwa force akaunti: hela inaingia shuleni, kamati inanunua vifaa, fundi wa mtaani analipwa ufundi tu. Kila darasa lilipangiwa Sh milioni 20, liwe Kibaha au Ukerewe ambako saruji lazima ivuke maji. Ukuta ukipasuka mwaka wa pili, unamshika nani? Fundi alishalipwa akaondoka.

Kwenye zabuni yupo wa kumshika. Halmashauri inatangaza kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni, wote tunapewa BOQ ile ile (orodha ya kazi na vipimo vyake), kila mtu anajaza bei zake. Muda ukiisha mfumo unafungwa. Kamati ya tathmini inakagua usajili, uzoefu na wataalamu wako, inasahihisha hesabu, ndipo inalinganisha bei. Kabla ya kusaini mkataba wazabuni wote wanapewa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani nani anakusudiwa kupewa kazi. Anayeona kaonewa analalamika kwa afisa masuuli (kwa halmashauri ni mkurugenzi), asiporidhika anakwenda PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni. Mshindi analipwa kwa kazi iliyopimwa, na sehemu ya hela yake inazuiliwa hadi kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro baada ya jengo kukamilika, kiishe. Kasoro anazirekebisha kwa gharama yake.

Ila bei ya chini mno iogopwe. Aliyejaza nusu ya makadirio ya mhandisi atapunguza nondo, hana pengine pa kupunguzia.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi, shule ya kata:
Ndugu mkandarasi, nakuheshimu, lakini kwetu msingi tulichimba wenyewe, mawe na mchanga tulisomba wenyewe. Nguvu hiyo utaiweka mstari gani wa BOQ? Maabara iliyopitia zabuni ilisimama kwenye linta mpaka ikaota majani. Mkandarasi anasema hajalipwa, halmashauri inasema kakimbia saiti. Madarasa ya kamati watoto wanasomea.

Mleta mada:
Mjumbe, la malipo ni kweli kabisa, na sisi wadogo ndilo linalotuua. Ukicheleweshewa hati moja ya malipo unakopa, na riba yake utaibebesha zabuni inayofuata. Basi halmashauri isitangaze kazi ambayo hela yake haijaingia. Pia zabuni zigawanywe kwa kata. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimetutengea wazawa miradi isiyozidi Sh bilioni 50, lakini ukifunga madarasa ya wilaya nzima kwenye zabuni moja, daraja la saba sigusi. Mawe na mchanga wa wananchi viondolewe kwenye BOQ kabla ya kutangaza, bei itashuka yenyewe.

Mhandisi wa halmashauri:
Hilo la kugawa kwa kata nimelipenda, ila nieleze ugumu wake. Zabuni moja inakuwa kumi: tathmini kumi, mikataba kumi, saiti kumi zinazomwaga zege wiki moja, na gari la idara ni moja. Mzee wa daraja la saba, mko tayari watatu wanne kuungana kwa ubia mchukue tarafa nzima? Kama mpo tayari, nitalipeleka hilo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka ujao.