Cha nne mtaala wa zamani, cha pili mtaala mpya: vitabu vya fasihi ya Kiingereza nipange vipi?

MwlNansio:
Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za kazi. Shule ya kata, Ukerewe. Kidato cha nne wako 62. Kabatini kuna riwaya ya Passed Like a Shadow nakala 15, tamthilia ya Three Suitors: One Husband 9, na riwaya ya Unanswered Cries 2. Mkuu wa shule ametoa fungu la nakala kumi tu. Ninunue kipi? Halafu kidato cha pili wako mtaala mpya, naambiwa nichukue azimio la zamani (ule mpango wa kufundisha wa mwaka) nibadilishe vichwa vya safu. Inakubalika?

KapriPoint:
Marahaba mwalimu. Nunua Unanswered Cries zote kumi. Swali la riwaya kwa kawaida linataka kazi mbili, na wewe kwa sasa una riwaya moja na nusu. Tamthilia haikuumizi kichwa: nakala 9 zinatosha, maana wanaosoma ni wahusika walio jukwaani, wengine wanasikiliza na kuandika. Mashairi nayo hayali fungu. Shairi fupi linaenea ubaoni, wanakili lenyewe pamoja na jina la mtunzi.

Riwaya ndiyo inayokula muda. Ukiweka wanne au watano kwa kitabu kimoja wakasoma kwa sauti, utapata kurasa 8 hadi 10 kwa kipindi cha dakika 40. Kitabu cha kurasa 100 ni vipindi 10 hadi 13. Ukitenga viwili kwa wiki, hiyo ni wiki tano hadi saba. Hesabu kurudi nyuma kutoka moko (mtihani wa majaribio), usihesabu kutoka Januari kwenda mbele. Na usiwape vitabu waende navyo nyumbani bila daftari la kuazima lenye sahihi. Vitabu 15 vikitoka hovyo, Ijumaa vinarudi 11.

DadaIlemela:
Naongezea kosa linaloua alama: vitini vya mtaani. Mtoto anakariri "dhamira kumi", swali likiuliza mgogoro anamwaga zote kumi. Mfundishe hoja tatu kwa kila kitabu, na kila hoja iwe na nani, alifanya nini, matokeo yake nini. Juliette wa Three Suitors ni jasiri? Hiyo peke yake haitoshi. Ndi, mposaji wa kwanza, ametoa faranga 100,000, Mbia, wa pili, 200,000, Juliette anaiba zote 300,000 na kumpa mpenzi wake Oko ili azitumie kumlipia mahari yeye Juliette. Hapo msahihishaji anaona kitabu kimesomwa. Watoto wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa mahari. Waulize ni ng'ombe wangapi, wataanza kubishana wenyewe.

Kwenye Passed Like a Shadow, waambie mapema kwamba Adyeri, Abooki na wenzao ni majina ya heshima ya Watoro, magharibi mwa Uganda. Si majina ya ukoo. Wasipoambiwa wanadhani kila Abooki ni ndugu wa mwenzake, na uchambuzi wa wahusika unavurugika.

Azimio_Sengerema:
Kuhusu kidato cha pili: usibadilishe vichwa, mkaguzi ataona mara moja. Muhtasari wa zamani unaanza na mada, mada ndogo na malengo. Mpya unaanza na umahiri mkuu, umahiri mahususi, kisha shughuli za ujifunzaji. Azimio linatoka kwenye shughuli. Chukua shughuli moja, igawe kwa idadi ya vipindi iliyoandikwa kwenye muhtasari wenyewe, ndipo utafute matini. Anayeanzia na kitabu anajikuta na umahiri usio na kipindi hata kimoja.

Jambo la pili: mtaala huu ulianza kwa awamu mwaka 2024, na Fasihi ya Kiingereza ni somo linalojitegemea, la kuchagua. Kama shule yenu hailifundishi, usiwarundikie cha pili riwaya za cha nne. Watumie hadithi fupi kama matini ya kusoma na kuandika, basi. Vitabu vya kiada vinasomwa bure maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Pakua ukiwa Mwanza mjini kabla ya kupanda kivuko.

MwlNansio:
Nimewaelewa. Na kama wengine watajibu swali la riwaya kwa kutumia tamthilia?

KapriPoint:
Wapo kila mwaka. Karatasi ya mtihani ina orodha ya vitabu chini ya kila aina. Kwenye zoezi la kila wiki, kabla hawajaandika sentensi ya kwanza, waandike juu ya karatasi: aina, majina ya vitabu viwili, waandishi wake. Asiyeandika, rudisha karatasi bila kusahihisha.